Nyimbo Zinazotoweka Kwenye Simu na Kaseti za Baba: Pa Kuanzia Ukitaka Muziki Uwe Mali Yako

SWALI: "Ninaishi Nkuhungu hapa Dodoma, na huu ni mwaka wa tatu nalipia huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni. Mwezi uliopita niliona baadhi ya nyimbo katika orodha yangu zimefifia na hazichezi, pamoja na albamu nzima ya kwaya moja ya Kongwa ninayoipenda sana. Nilipokwenda kijijini kwa wazazi wangu, Mpwapwa, nikakaa muda mrefu bila bando, hata zile nilizokuwa nimezipakua ziligoma kufunguka. Nimechoka, nataka nyimbo zangu ziwe zangu kama zamani. Baba ana kaseti zipatazo thelathini za dansi, kwaya na ngoma za Kigogo, na nyingine alizirekodi mwenyewe redioni na kwenye sherehe. Mimi nina CD kama hamsini. Rafiki ananishauri nitoe nyimbo YouTube kwa programu fulani, kisha nizigeuze kuwa FLAC, aina fulani ya faili la sauti, ili ziwe na ubora wa juu. Fundi wa simu naye ameniambia ataniwekea nyimbo elfu tano kwenye memori kadi kwa bei nafuu. Nianzie wapi, na je, nifute usajili wangu?"

JIBU: Ndugu msomaji, umelipa kwa uaminifu kwa miaka mitatu, kisha ukagundua kwamba ulichokuwa ukikiita maktaba yako kinaweza kupunguzwa bila wewe kuulizwa. Una haki ya kukasirika. Hata hivyo nakuomba usifanye uamuzi kwa hasira hizo, kwa sababu kazi ninayofanya, ya kuhamisha sauti za zamani kuziingiza kwenye kompyuta, imenionyesha kwamba wengi wanaohama kwa hasira huanzia upande usio sahihi. Hutumia wiki nzima kukusanya nyimbo maarufu ambazo zinapatikana kila mahali, na huku kaseti ambazo hazina nakala nyingine duniani zinaendelea kuchakaa kabatini.

Kwanza nieleze kilichotokea kwenye simu yako. Ada unayolipa kila mwezi inakupa ruhusa ya kusikiliza, na ruhusa hiyo inategemea mlolongo wa mikataba usioonekana kwako. Msanii au kwaya humkabidhi msambazaji kazi yao, msambazaji huipeleka kwenye huduma mbalimbali, na huduma hizo hupata kibali cha kuicheza katika nchi fulani na kwa muda fulani. Kiungo kimoja kikikatika, wimbo hufifia kwenye orodha yako. Kwa wasanii wakubwa, mara nyingi sababu huwa ni mkataba kuisha au haki kuhamia kampuni nyingine. Kwa kwaya ndogo sababu inaweza kuwa ya kawaida zaidi: wapo wasambazaji wanaotoza ada ya kila mwaka, na kazi huondolewa ada hiyo isipolipwa. Mweka hazina anabadilika, aliyekuwa na nywila anahamia mkoa mwingine, ada inapita tarehe, na albamu inatoweka bila mwanakwaya yeyote kujua. Siwezi kusema kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa kwaya yako ya Kongwa, lakini ukiwapigia simu kuwauliza, huenda ukawa wewe ndiye wa kwanza kuwapa habari hiyo.

Nyimbo ulizokuwa "umezipakua" nazo zina siri yake. Faili lililoingia kwenye simu limefungwa kwa ufunguo ambao programu ya huduma hiyo pekee ndiyo inayo, na ufunguo huo una muda wake. Spotify, kwa mfano, huitaka programu iingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30 ili ihakikishe kwamba bado unalipa. Muda ukipita, nyimbo hazifunguki hata kama zimo ndani ya simu. Kukaa Mpwapwa bila bando kulitosha kabisa kuleta hali uliyoieleza. Zaidi ya hapo, huduma nzima inaweza kufungwa. Google Play Music ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2020, na hata watu waliokuwa wamepandisha huko mafaili yao wenyewe walipewa hadi Februari 2021 kuyaondoa kabla hayajafutwa. Kwa hiyo hofu yako si ya kubuni.

Pamoja na hayo, usifute usajili wako leo. Huduma hizi zina jambo moja ambalo maktaba ya nyumbani haiwezi kukupa, nalo ni kukufikisha kwenye muziki usioujua. Pia orodha yako ya sasa ni kumbukumbu yenye thamani, kwa maana inaeleza ulichokipenda kwa miaka mitatu, na ukifuta akaunti kwa haraka unaweza kuipoteza. Tumia tovuti ya kuhamisha orodha, kama Soundiiz, upate majina ya nyimbo zako katika faili la maandishi. Hata picha za skrini zinatosha kama orodha si ndefu. Kisha ipitie kwa kalamu na ujiulize ni nyimbo zipi zingekuuma zikipotea kesho. Ninaowashauri kufanya hivyo hushangaa kuona kwamba nyimbo hizo ni chache sana kuliko walivyodhani. Hizo ndizo za kumiliki. Nyingine zinaweza kubaki mtandaoni bila madhara, na baada ya miezi michache utajua mwenyewe kama ada ile bado ina maana kwako.

Sasa niseme juu ya ushauri wa rafiki yako, kwa sababu una kosa ambalo limeenea mno. Sauti ya CD huhifadhiwa kwa sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, 44,100 kila sekunde, kila sampuli ikiwa na biti 16, kwa njia mbili za kushoto na kulia. Jumla yake ni kilobiti 1,411 kwa sekunde, sawa na megabaiti 10 hivi kwa kila dakika. MP3 na ndugu zake hupunguza mzigo huo kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio halitazikosa, kwa mfano mlio mdogo unaofunikwa na mlio mkubwa uliotokea wakati huohuo. MP3 ya kilobiti 320 hubakiza kama megabaiti 2.4 kwa dakika, na ile ya 128 hubakiza megabaiti moja hivi. FLAC hufanya kazi tofauti kabisa: hufunga sauti ili ichukue nafasi ndogo, mara nyingi kati ya nusu na theluthi mbili ya ukubwa wa awali, lakini haitupi chochote, na ukiifungua unapata kila biti iliyokuwamo.

Sauti ya YouTube ilikwisha kupunguzwa kabla haijakufikia. Kuigeuza kuwa FLAC ni sawa na kulowesha mlenda uliokaushwa juani ukitarajia urudi kuwa mbichi kama ulivyochumwa shambani: unapata faili kubwa mara kadhaa, lenye sauti ileile iliyopungua. Ndiyo maana nakushauri usihukumu ubora kwa jina la faili. Programu ya bure iitwayo Spek huonyesha sauti kwa picha. Faili linalojiita FLAC huku milio yake yote ya juu imekatwa kwa mstari mnyoofu karibu na hezi 16,000, kwa kawaida limetokana na MP3 ya kiwango cha chini. Isitoshe, masharti ya YouTube hayaruhusu kutoa nyimbo kwa njia hiyo, na msanii hapati kitu.

Je, tofauti hizi husikika? Hapa niwe mkweli, maana mashabiki wa vifaa vya gharama hupenda kutia chumvi. MP3 ya 320 iliyotengenezwa vizuri, kwa masikio ya wengi wetu, haitofautiki na CD, na ukisikiliza kwa spika ya bluetooth sauti hupunguzwa tena njiani, kwa hiyo faida ya FLAC haionekani. Lakini viwango vya chini husikika, hasa kwenye muziki wa kwetu. Ilimba ya Kigogo ina vyuma vingi vinavyochezwa kwa vidole kwa kasi, na matundu ya sanduku lake hufunikwa na utando mwembamba wa buibui unaotoa mvumo wa kutetema. Milio ya ghafla na mvumo wa juu ndivyo vitu ambavyo MP3 ya kiwango cha chini huvishughulikia vibaya kuliko vyote: mlio hutanguliwa na mchakacho mdogo, na mvumo hugeuka kuwa kama maji yanayochuruzika. Msikilize marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, kwenye moja ya CD zake zilizotolewa na Real World Records ya Uingereza, kisha usikilize wimbo huohuo kwa kilobiti 96, na hutahitaji maelezo yangu. Kanuni ninayoifuata ni kwamba nakala ya kuhifadhi iwe FLAC, kwa sababu kutoka FLAC unaweza kutengeneza MP3 wakati wowote bila hasara ya asili, na nakala ya kubeba kwenye simu iwe MP3 au FLAC kulingana na nafasi uliyonayo.

Ofa ya fundi wa simu nitaipitia kwa ufupi. Nyimbo elfu tano ambazo hukuzichagua ni mzigo. Nyingi zitakuja na majina kama "Track 07", ubora wake utakuwa wa kubahatisha, na hakuna aliyezitengeneza atakayelipwa. Kuna pia hatari ya memori kadi bandia, ambazo si chache madukani. Kifaa cha ndani cha kadi hiyo hubadilishwa ili kiiambie simu kwamba kuna gigabaiti 128, ilhali nafasi ya kweli ni ndogo zaidi. Ukipitisha kiasi hicho, majina ya nyimbo yanaonekana lakini nyimbo zenyewe hazifunguki. Kabla ya kuamini kadi au flashi yoyote mpya, ijaribu kwa programu ya H2testw kwenye kompyuta ya Windows, ambayo huijaza yote kisha huisoma tena kuona kama kilichoandikwa kimebaki. Jaribio ni la saa kadhaa, na unaweza kuliacha likiendelea usiku.

Nimefika kwenye kaseti za baba, ambako ndiko ningependa uanzie. Kwa miongo kadhaa Radio Tanzania ndiyo iliyorekodi bendi zetu nyingi, na wasikilizaji walinasa nyimbo hizo majumbani kwa redio kaseti. Alichorekodi baba kwenye sherehe hakipo kwenye huduma yoyote, na hakuna atakayekiweka huko. Hali ya hewa ya Dodoma imewasaidia: ukavu wetu hauleti ukungu kwenye utepe kama unyevu wa Dar es Salaam na pwani. Adui wa hapa ni vumbi, ambalo husugua utepe na kichwa cha mashine kila kaseti inapochezwa, pamoja na joto la sehemu zilizofungwa kama vile ndani ya gari au juu ya kabati chini ya bati.

Kabla ya kucheza kaseti yoyote, vunja vile vijino viwili vya plastiki vilivyo upande wa juu, kama bado vipo, ili mtu asibonyeze kitufe cha kurekodi kwa bahati mbaya na kufuta sauti ya bibi yako. Angalia pia kipande kidogo cha sponji au kitambaa kilicho katikati ya kaseti, kinachokandamiza utepe kwenye kichwa cha mashine. Kikiwa kimedondoka, sauti itakuwa hafifu na utaidhania imekufa. Kisha ipeleke kaseti mbele hadi mwisho na uirudishe mara moja, ili utepe ulioshikamana uachiane na ujikunje upya kwa mkazo ulio sawa.

Mashine ya kuchezea iwe nzima. Kaseti zikichezwa kwenye mashine ambayo mkanda wake wa mpira wa kuzungushia umelegea, sauti huyumbayumba, na kuyumba kukishaingia kwenye rekodi, kazi ya kuisahihisha ni kubwa. Ukikosa deki nzuri ya kuazima, redio kaseti iliyotunzwa vizuri inafaa kuliko vile vichezeo vidogo vya bei rahisi vinavyochomekwa kwenye USB. Safisha kichwa chake kwa pamba na alkoholi ya isopropili yenye nguvu. Spiriti ya kupaka kwenye ngozi uiepuke, kwa sababu baadhi yake huchanganywa na mafuta yatakayobaki kwenye kichwa.

Kuunganisha ndiko kunakowashinda wengi. Tundu moja la sauti lililo kwenye laptopu za siku hizi hupokea maikrofoni tu, tena kwa njia moja na kwa kukuzwa mno, hivyo sauti huingia imepasuka na imepoteza upande mmoja. Nunua kadi ya sauti ya nje ya USB yenye mlango wa kuingizia sauti wa njia mbili, na uhakikishe dukani kwamba mlango huo upo, kwa maana nyingine zina matundu ya kutolea sauti tu. Kwenye kompyuta weka Audacity, ambayo ni ya bure. Rekodi kwa biti 24 na sampuli 48,000, na uache vilele vya sauti vifike karibu desibeli 6 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha juu cha kurekodi. Ukivuka sifuri sauti hukatwa kichwa na hakuna dawa yake. Iendeshe laptopu kwa betri wakati wa kurekodi, kwa sababu mara nyingi ule mngurumo wa umeme huisha ukichomoa chaja, na umeme ukikatika hupotezi upande mzima wa kaseti.

Kaseti hurekodiwa kwa muda uleule inaochezwa, na hakuna njia ya mkato iliyo salama. Kaseti thelathini za saa moja ni saa thelathini. Ukifanya mbili kila mwisho wa wiki utamaliza ndani ya miezi minne hivi. Saa moja kwa kiwango nilichokutajia ni karibu gigabaiti moja kabla ya kufungwa kuwa FLAC, kwa hiyo kazi yote haitazidi gigabaiti thelathini na kitu. Hifadhi kila upande ulivyo, pamoja na ukwaruzaji wake. Programu za kuondoa kelele zinavutia, lakini zikitumiwa kwa pupa huondoa pia pumzi ya waimbaji na mvumo wa ilimba. Zitumie kwenye nakala, kamwe usizitumie kwenye rekodi mama.

Na umketishe mzee karibu. Hili halina uhusiano na vifaa, ila nimeliona likipuuzwa kuliko jambo lolote. Baba yako ndiye anayejua kwamba sauti ile ya pili ni ya mjomba fulani, kwamba ngoma ile ya muheme ilichezwa kwenye harusi ya nani na mwaka gani, na kwamba nusu ya upande wa pili ilinaswa redioni. Muulize wakati kaseti inacheza, na uandike majibu yake hapohapo.

CD zako ni kazi nyepesi, lakini kuna jambo la kuzingatia. CD zilizotengenezwa kiwandani hudumu. Zile zilizochomwa kwenye kompyuta, ambazo kwa kawaida hutambulika kwa upande wa chini wenye rangi ya kijani au buluu, huhifadhi sauti kwenye rangi inayofifia kwa mwanga na joto, kwa hiyo zianze hizo. Usitumie programu ya kawaida inayonakili kwa kasi. CD ya muziki ina ulinzi mdogo dhidi ya makosa kuliko CD ya data, na kiendeshi kikikosa kusoma mahali penye mkwaruzo hukisia sauti iliyokuwapo bila kukuambia. Exact Audio Copy, ya bure kwa Windows, husoma sehemu yenye shaka mara kadhaa na kulinganisha, kisha hukupa taarifa ya palipo na tatizo. Laptopu isiyo na kiendeshi itahitaji kile cha nje cha USB.

Kwa nyimbo mpya, nunua pale unapopata faili lisilofungwa. Tovuti ya Bandcamp huuza muziki ambao unaweza kuupakua kwa FLAC au MP3 na kuutunza milele, na huchukua asilimia 15 ya mauzo ya muziki wa kupakua, sehemu kubwa ya kilichobaki ikimwendea msanii. Utahitaji kadi inayokubali malipo ya mtandaoni. Kwa kwaya na wasanii wa hapa kwetu, njia bora zaidi ni kuwaendea wenyewe. Kwaya nyingi bado zinauza kazi zao kwa CD, DVD au flashi, na ukimwomba kiongozi kwa adabu faili la WAV, yaani sauti isiyopunguzwa, lililotoka studio, ukalipa bei ya albamu, sidhani kama atakukatalia. Pesa hiyo itawafaa kuliko unavyodhani: tangu mwaka 2024 Spotify hailipi chochote kwa wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12, na kwaya nyingi za vijijini hazifikishi idadi hiyo.

Kuhusu sheria, kazi za muziki zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Sheria hiyo inampa mtu nafasi ya kujitengenezea nakala kwa matumizi yake binafsi kutoka kwenye kazi iliyotolewa kihalali, na ndiyo hali ya CD na kaseti mlizonunua. Kugawa nakala hizo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo mzima, au kuziuza, ni jambo jingine. Mimi si mwanasheria. Likikutatiza, waulize COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania.

Sasa majina. Maktaba isiyo na majina haitofautiani na gunia, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa. Kila faili la muziki lina nafasi ya ndani ya kuandika msanii, albamu, mwaka na maelezo, na kichezeo husoma hapo kuliko jina la nje la faili. MusicBrainz Picard hujaribu kujaza nafasi hizo yenyewe kwa kulinganisha na kumbukumbu ya mtandaoni, lakini kwa muziki wetu mara nyingi haitapata kitu au itaweka jina la wimbo mwingine kabisa, hivyo jiandae kuandika kwa mkono ukitumia Mp3tag. Amua mtindo mmoja mapema na usiuache. Mfano mdogo: ukiandika "Kwaya ya" mwanzoni mwa kila jina, kwaya zako zote zitarundikana chini ya herufi K, ndiyo maana mimi huanza na jina la mtaa au kanisa, kisha neno kwaya. Maelezo ya baba yaingie kwenye nafasi ya maoni, ili yasafiri pamoja na faili lenyewe.

Utunzaji una kanuni moja isiyo na mjadala: faili lililo mahali pamoja tu halijahifadhiwa. Nunua diski mbili za nje, zile ziitwazo eksteno, weka nakala kamili kwenye kila moja, na moja uiache Mpwapwa kwa wazazi. Moto, wizi au mvua iliyopenya bati haviwezi kufika nyumba zote mbili kwa siku moja. Ukienda kuwaona, beba ya kwako, linganisha, ongeza vipya na ufungue mafaili kadhaa kuona kama yanacheza. Flashi na memori kadi zitumike kwa kusikiliza, zisiwe ghala la kudumu. Diski usiichomoe kabla ya kuiaga (Eject) kwenye kompyuta, na usiiache ndani ya gari. Kuhifadhi mtandaoni kunafaa kama nakala ya tatu, lakini kupandisha gigabaiti mia kwa bando la simu hakufai; pandisha kaseti za baba tu, ambazo haziwezi kununuliwa tena popote.

Kusikiliza ndiko kurahisi kuliko vyote. Kwenye simu ya Android, VLC au Musicolet zinatosha, na zote hucheza FLAC. Wimbo wa dakika nne wa FLAC ni megabaiti 25 hivi, kwa hiyo kadi halisi ya gigabaiti 128 hubeba nyimbo zaidi ya elfu nne. Bando nalo litapumua: kusikiliza mtandaoni kwa kilobiti 160 hutumia megabaiti 72 kwa saa, na mtu wa saa mbili kwa siku humaliza zaidi ya gigabaiti nne kwa mwezi.

Yapo mambo ambayo usiyajaribu nyumbani. Kaseti yenye unga mweupe kwenye utepe ina ukungu. Ukiicheza utaichafua mashine na kaseti zitakazofuata. Utepe uliokatika, unaolia kama bawaba kavu unapopita, au uliozama ndani ya kasha, na pia diski inayotoa mlio wa kugonga, vyote vimpelekee fundi bila kuviwasha tena, kwa maana kila jaribio hupunguza uwezekano wa kuokoa kitu. Fundi huyo muulize mapema kama atakurudishia kaseti yenyewe, kama atakupa WAV au FLAC badala ya MP3 peke yake, na kama atafuta nakala yake baada ya kukukabidhi kazi. Akisitasita katika lolote kati ya hayo, chukua kaseti zako na utafute mwingine.